Sangara Wadogo na Sisi Watumishi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za gazeti letu niseme neno juu ya samaki. Najua wako watakaocheka wausomapo mstari huu wa kwanza, maana desturi ya gazeti hili ni kuzungumza habari za mishahara, nyumba, likizo na uhamisho, wala si habari za kitoweo. Walakini namsihi msomaji asigeuze ukurasa upesi, kwa kuwa neno hili latuhusu sisi wenyewe tulio wanachama, tena laugusa mfuko wetu wa kukopeshana, na mwisho wake nitaleta shauri ambalo nataka lipelekwe mbele ya mkutano mkuu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka juzi, katika siku yetu ya michezo kando ya ziwa hapa Mwanza, baada ya kukimbia na kuvuta kamba palikuwa na mashindano ya kuvua kwa ndoana na mshipi. Sharti lilikuwa moja tu: atakayetoa samaki wengi ndiye mshindi. Nilikaa juu ya jiwe tangu saa tisa hata saa kumi na mbili, nikatoa sangara kumi na mmoja. Nilipigiwa makofi, nikapewa chupa ya chai nzuri yenye maua mekundu, nikarudi nyumbani nikijiona mvuvi hodari. Usiku ule mke wangu alipowamwaga wale samaki katika beseni, mwanangu mdogo aliye darasa la pili akachukua rula yangu ya ofisini akaanza kuwapima mmoja mmoja, kama watoto wafanyavyo na kila kitu. Hakuna hata mmoja aliyetimiza rula moja na nusu. Wengi hawakupita rula moja.

Wasomaji wengi wajua kazi yangu ni masijala. Mwaka baada ya mwaka napokea na kufungua majalada ya leseni za uvuvi, na katika karatasi zile sijui ni mara ngapi nimepiga chapa maneno yale yale, ya kwamba ni marufuku kuvua, kuuza au kuwa na sangara aliye chini ya sentimita 50. Naliyapiga maneno hayo asubuhi, na jioni nikala samaki wa sentimita 30, wala sikuona kama mambo hayo mawili yana udugu. Mtoto ndiye aliyeniuliza, "Baba, hawa wameruhusiwa?" Nikamwambia anyamaze ale.

Basi tangu siku ile nimelifikiri jambo hili, nikasoma niliyoweza kusoma, nikawauliza wanaojua kuliko mimi, na hasa baba yangu mdogo wa Ukerewe, ambaye amevua tangu ujana wake. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa kutoka Ziwa Albert, akatiwa majini upande wa Uganda mwaka 1954, na baadaye mara nyingine tena, Entebbe mwaka 1962 na Kisumu mwaka 1963. Mabwana wa uvuvi wa wakati ule walikuwa na sababu zao. Waliona ziwa limejaa furu wadogo wenye miiba wasiokuwa na bei, wakasema heri tumlete samaki mkubwa awale hao furu, awageuze kuwa nyama nene ya kuuza; tena sangara ni samaki wa mchezo, apiganaye sana na mshipi, naye atawavuta watu wapendao kuvua kwa kujifurahisha. Hapana budi kusema kweli kwamba walikuwa wameonywa. Bwana Michael Graham, aliyelichunguza ziwa lote mwaka 1927 na 1928 na kutoa taarifa yake mwaka 1929, alisema wazi kwamba kuleta samaki mkubwa mla-wenzake kutoka mahali pengine kungekuwa hatari kubwa kama hakukutanguliwa na uchunguzi mrefu. Samaki akaletwa, na uchunguzi ukafuata nyuma.

Kwa miaka mingi alikaa kimya. Kisha, katika miaka ya 1980, akajaa ziwa zima, kwanza Kenya, halafu Uganda, halafu huku kwetu. Furu, ambao walikuwa zaidi ya aina 500 na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani, walipungua mno hata wataalamu wakahesabu kwamba kama aina 200 zimetoweka. Sangara hakufanya hayo peke yake. Maji nayo yalichafuka, mwani ukazidi, na hewa ikapungua vilindini. Hata hivyo yeye alikuwa na sehemu kubwa. Na mafuta yake yakawa taabu nyingine, maana hakaushwi juani kama furu na dagaa, ila hubanikwa motoni, na miti ya visiwani ikaanguka kwa ajili yake.

Nayasema hayo kwa sababu yuko ndugu mmoja katika chama chetu, mtu mwenye maneno makali na moyo mwema, ambaye kila nikizungumza habari hizi hunijibu, "Mwache aishe. Alikuja kama mwizi, aondoke kama mwizi." Ningependa kumjibu hapa, kwa kuwa pale chini ya mwembe hanipi nafasi ya kumaliza.

Ndugu yangu, sangara hataisha kwa namna unayoitamani. Hatuvui mpaka maji yabaki wazi na furu wa babu zetu warudi wote. Waliokwisha kutoweka hawarudi. Ni kweli kwamba sangara wakubwa walipopungua, aina kadhaa za furu zilizobaki ziliongezeka tena, na hilo ni jambo la kufurahia. Lakini tunalolifanya sasa ni kulijaza ziwa sangara watoto na kuwatoa kabla hawajazaa, pamoja na kila kilichomo katika kokoro lile lile: furu hao hao waliorudi, sato wachanga na mayai. Anayedhani kokoro humchukia sangara na kumhurumia furu hajapata kusimama pwani likivutwa. Tena watu wanakula kwa samaki huyu. Mwaka 2000 wavuvi wa ziwa zima walihesabiwa kuwa karibu 130,000. Ilipofika mwaka 2016 walikuwa wamepita 200,000, na mitumbwi iliyokuwa kama 42,000 ikapita 70,000. Wachuuzi, wabeba mizigo, mafundi wa mitumbwi, wauza barafu, wanawake wapika mapanki na watu wa viwandani sijawataja.

Sasa tazameni maumbile ya samaki mwenyewe. Sangara aweza kufikia urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200. Dume hupevuka mapema, akiwa na sentimita kama 50 na kitu. Jike huchelewa, na kwa kawaida haanzi kutaga hata apite sentimita 60, na wengi hupita hapo mbali. Kwa hiyo hata kile kipimo cha 50 tunachokivunja kila siku ni kipimo cha upole. Mtu akikitimiza sawasawa, bado aweza kuwatoa majike ambao hawajataga hata mara moja. Na jike mkubwa ndiye hazina, maana hutoa mayai kwa mamilioni kwa msimu mmoja, wala mayai ya majike kumi wadogo hayamfikii. Ndiyo maana nchi tatu zilipokubaliana zamani katika shirika lao la uvuvi lililo Jinja, lililoundwa mwaka 1994, zilitaja mipaka miwili: asivuliwe aliye chini ya sentimita 50, wala aliye juu ya 85. Mpaka wa chini hakuna aubishaye kwa maneno, ingawa kila mtu aubisha kwa sufuria. Mpaka wa juu umebishaniwa sana, nao wenye kuubisha wana hoja: mvuvi aliyekwisha kumvua samaki wa sentimita 100, naye amekufa katika wavu, amtupe kwa faida ya nani? Mimi nasema shida haiko katika samaki aliyekufa kwa bahati, bali iko katika bondo. Tangu mabondo yalipopata bei ya ajabu huko China, samaki mkubwa amekuwa kama ndovu mwenye pembe. Hatafutwi tena kwa nyama, hutafutwa kwa kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwake, na bei yake humfanya mtu akeshe akimwinda.

Basi mkubwa hutolewa kwa ajili ya bondo, na mdogo hutolewa kwa ajili ya sufuria zetu. Nani atabaki wa kuzaa?

Baba mdogo alinieleza kwa namna yake. Alisema zamani walipokwenda kuvua, mtu alijua kina, akajua mwamba, akatega migonzo yake yenye ndoana kubwa, na samaki mmoja aliwatosha watu wawili kumbeba kwa mti begani. "Siku hizi," akasema, "watoto hutoka na injini, huchoma mafuta kwenda mbali kuliko sisi tulivyokwenda kwa kasia, nao hurudi na samaki ambao sisi tungewaweka kwenye ndoana kama chambo." Nikamwuliza yeye mwenyewe amevua kwa kokoro? Akanyamaza kidogo, akasema, "Naam, mwaka ule mama yenu alipokuwa mgonjwa." Napenda jibu lile kwa kuwa lina ukweli, na kwa kuwa lanizuia kusema kwamba wavuvi ni watu wabaya.

Hapa ndipo ninapofika kwetu. Tukizungumza habari za uvuvi haramu, sisi makarani huzungumza kana kwamba ni mambo ya watu fulani wasiosoma wakaao visiwani. Ninyi mwajua, nami najua, kwamba mvuvi aingiaye majini usiku aghalabu hana mtumbwi, wala wavu, wala injini. Vyote ni mali ya tajiri. Na tajiri ni nani? Mara nyingine ni mfanyabiashara wa mjini. Mara nyingine ni mwalimu, au karani, au mganga wa zahanati, au bwana mkubwa wa idara, mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi ambaye alikopa akanunua mtumbwi, akautia jina la shemeji yake. Sisemi ni dhambi. Mshahara ni mdogo, watoto wanataka ada, na mtumishi kuwa na shughuli ya halali pembeni si aibu. Ila yafaa tuulize mtumbwi ule wavua kwa nyavu gani.

Nami nitajibu swali hilo kwanza kwa upande wangu. Miaka sita iliyopita mimi na mwenzangu mmoja, ambaye sitamtaja, tulikopa katika mfuko wa kukopeshana tukanunua mtumbwi mmoja, injini moja na nyavu za macho makubwa zilizo halali. Mwaka wa kwanza tulipata faida. Mwaka wa pili faida ikawa kidogo, mafuta yakipanda bei na samaki wakienda mbali. Ndipo nahodha wetu akatuambia kwa adabu kwamba matajiri wengine wa mwalo ule wamebadili, wanatumia timba, na kwamba sisi tukishikilia nyavu zile kubwa vijana watamkimbia waende kwa wenye timba, kwa sababu mgawo wao hutoka katika samaki na si katika sheria. Mwenzangu akatazama kwangu, nami nikatazama kando. Hatukusema "nunua timba." Tulisema, "Wewe ndiwe mjuzi wa majini, fanya unavyoona." Hayo ndiyo maneno ya tajiri. Baada ya mwezi mmoja marejesho yakaanza kuja vizuri tena, nasi hatukuuliza.

Zikaja siku za msako, nyavu zikakamatwa zikachomwa moto pwani, na vijana wetu wawili wakalala rumande siku nne. Mimi nilikuwa mezani pangu nikifungua majalada. Hakuna aliyeniuliza neno. Mtumbwi niliuuza, na deni nimelilipa, lakini kila nionapo jalada la kesi za uvuvi natazama majina yaliyomo, na sijapata kuona humo jina la tajiri.

Kwa sababu hiyo sikuafikiana na wale waliosema kwamba Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilitosha kuwa dawa. Nyavu nyingi mno zilichomwa, na malalamiko yalifika hata Bungeni kwamba watu wameonewa. Huko Uganda nako askari wa jeshi waliingizwa ziwani tangu mwaka 2017, na watu wakanung'unika vivyo hivyo. Sina shaka kwamba samaki walipata nafuu kidogo katika miezi ile, maana hata sokoni tuliona. Lakini moto huteketeza wavu, haumteketezi anunuaye wavu mwingine. Anayemaliza kuchomewa leo hukopeshwa kesho, na baadhi ya mikopo hiyo, mabwana, hutoka katika mfuko wetu sisi. Nami nayajua hayo kwa kuwa mmoja wapo ulikuwa wangu.

Tena tusiseme haiwezekani. Mwaka 1999 Ulaya ilipokataa kununua samaki wa ziwa hili kwa ajili ya habari za watu waliokuwa wakivua kwa sumu, kila kitu kilibadilika upesi: mialo ikasafishwa, wapimaji wakaandikwa, vyeti vikatolewa, watu wakavaa kofia nyeupe. Mnunuzi alipokataa, sote tulipata akili. Lakini samaki mdogo haendi Ulaya, kwa kuwa kiwandani hupimwa na kukataliwa. Huyu aliye chini ya kipimo hununuliwa na sisi, hapa hapa, jioni, kwenye karai la mama aliye kando ya njia, au hutiwa chumvi akawa kayabo akavuka mipaka. Methali husema samaki mkunje angali mbichi. Sisi twamla angali mtoto, na kisha twashangaa kwamba hakuna wa kukunja. Mnunuzi wa sangara mdogo ni mimi nawe. Kama Ulaya iliweza kukataa na ziwa likasikia, kwa nini Mwanza isikatae?

Najua jibu litakalotoka. Mtasema samaki mkubwa ni ghali na mshahara haufiki. Ni kweli kwamba minofu imepanda bei. Lakini dagaa wapo, nao ni samaki wanaozaa upesi na kuvumilia kuvuliwa. Sato wa mabwawa na vizimba wapo. Na sangara wa halali huuzwa vipande. Mimi nyumbani kwangu tumekula dagaa siku tatu kwa juma kwa muda wa mwaka mzima sasa, na mke wangu, ambaye hapo kwanza alisema nimeingiwa na wazimu wa rula, ndiye siku hizi amwulizaye muuzaji, "Huyu ana urefu gani?" Muuzaji humcheka, lakini juma lililopita alimfichia pembeni samaki mmoja mzuri wa sentimita 58. Nilimpima.

Wako wengine watakaosema jambo hili liachiwe Serikali na vikundi vya ulinzi vya mialo. Vikundi vile nimeviona. Katika mwalo mmoja wajumbe ni watu waaminifu, nao hupigwa mawe usiku; katika mwalo mwingine mwenyekiti ndiye mwenye kokoro. Ziwa lenyewe lina kilomita za mraba 68,800, na asilimia 51 ni sehemu yetu, iliyojaa visiwa na ghuba. Ni boti ngapi za ulinzi zitakazotosha? Hata zikitosha, kila boti yatakiwa mafuta, na hati ya mafuta hupita mezani kwa karani, na kabla boti haijawasha injini simu imekwisha kupigwa mwaloni. Simu hiyo hupigwa na mtu aliye ofisini. Sitaongeza neno hapo.

Nataka pia kutaja mahali pamoja panaponipa moyo, nalo ni kisiwa cha Rubondo, mkoani Geita. Kile ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977, na uvuvi wa biashara hauruhusiwi katika maji yake, hivyo samaki hupata mahali pa kuzaa na kukua. Wageni huruhusiwa kuvua kwa ndoana kwa mchezo. Mtu hutoka mbali, hulipa nauli, hulipa hifadhi, hulipa mwenye chombo, kusudi apigane na sangara mmoja kwa nusu saa, apige naye picha na kumrudisha majini. Zamani niliposikia hayo nilicheka nikasema wageni wana fedha za kuchezea. Siku hizi sicheki, maana nimepiga hesabu kwa kalamu yangu. Samaki mmoja mkubwa aliye hai huweza kuleta fedha mara moja, akaleta tena, na katikati akataga. Yule wa bondo huleta mara moja tu. Tena samaki hawajui mipaka ya hifadhi. Wakijaa ndani hutoka nje, na mvuvi wa nje aliye na nyavu halali huwapata. Baba mdogo alilisema hilo kabla yangu, kwamba kila mvuvi hupenda kutega karibu na mpaka, na wala si kwa uzuri wa mandhari.

Kurudisha samaki majini nako kuna elimu yake, nami naiandika kwa kuwa natumaini tutaihitaji. Sangara ni samaki mkubwa mwenye roho nyepesi. Akitolewa majini muda mrefu hafufuki. Akivutwa kwa haraka kutoka kina kirefu, hewa ya bondo lake humvimbisha akaelea tumbo juu, na hapo kumrudisha ni kumtupa tu. Basi avuliwe kwenye maji ya kina kidogo, kwa mshipi wenye nguvu ili asichoke kupita kiasi, kwa ndoana moja iliyofinywa kijino, apimwe akiwa bado majini au juu ya kitambaa kilicholowa, asishikwe kwa macho wala kwa mashavu, na mikono iwe imelowa. Ni kazi ya dakika moja kwa mtu aliyejiandaa. Nilijaribu mwezi uliopita mara tano. Wanne walikwenda zao, mmoja alikufa, naye tulimla, alikuwa wa sentimita 53.

Basi, Bwana Mhariri, hili ndilo shauri langu, nalo naliandika waziwazi ili katibu alitie katika agenda.

Mfuko wetu wa kukopeshana usitoe tena mkopo wa mtumbwi, injini au nyavu mpaka mwombaji aonyeshe leseni yenye jina lake mwenyewe, si la shemeji, na nyavu zake zipimwe macho mbele ya wajumbe wawili wa kamati. Mkopo ukiisha kutolewa, nyavu zipimwe tena kila baada ya miezi sita, hapo hapo mwaloni. Mwanachama atakayeonekana mtumbwi wake unavua kwa timba au kokoro, alipe deni lake lote kwa mara moja na asikope tena. Najua neno hili litawauma baadhi ya wanakamati. Lingeniuma mimi pia miaka sita iliyopita, na ningelikuwa nimeumwa mapema wale vijana wawili wasingalilala rumande.

Pili, katika sherehe zetu, mikutano yetu na misiba yetu, mwenye kununua kitoweo kwa fedha za chama asinunue sangara aliye chini ya kipimo. Hili ni jepesi. Twataka rula tu, na rula tunazo.

Na tatu, mashindano yetu ya ndoana yabadilishwe. Asihesabiwe aliyetoa wengi. Apewe tuzo yule atakayetoa mmoja aliye mrefu kuliko wote, akapimwa na mwamuzi, akarudishwa majini akiwa hai mbele ya macho yetu. Anayetoa mtoto wa sangara amrudishe mara moja, na asipewe hesabu yoyote. Nimezungumza na ndugu yangu yule wa chini ya mwembe, naye amekubali kuwa mwamuzi, kwa sharti kwamba aruhusiwe kumtukana kila sangara kabla ya kumwachia. Nimemwambia aruhusiwe.

Kuhusu tuzo, kamati isijisumbue kununua. Ile chupa ya chai yenye maua mekundu ningali ninayo, haijapasuka, tena yashika moto hata asubuhi. Nitaileta siku ya mkutano, niiweke mezani mbele ya mwenyekiti, imngojee mwingine.

Ndimi mwanachama mwenzenu,
Karani wa Masijala, Mwanza